Tarehe ya Bwana Tarehe

Simu ya Msajili wa kata ilimkuta Dereva amelala chali chini ya gari la maziwa, mikono imejaa grisi, akihangaika na bomba la moshi lililokuwa likining'inia tangu juzi. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Dada, samahani kukusumbua," Msajili alisema. "Kile chumba cha usajili tunakizindua Ijumaa ya wiki ijayo, na picha ya mzee inatundikwa ukutani. Chini ya picha kutakuwa na kibao chenye jina lake na tarehe mbili. Ya kufariki ninayo, niliiandika mwenyewe mwaka jana. Ya kuzaliwa ndiyo nataka unihakikishie. Faili lake linasema tarehe moja Januari."

Dereva aliangua kicheko mpaka kipaji cha uso kikagonga chuma.

"Tarehe moja Januari? Baba yangu mimi?"

"Ndivyo lilivyoandikwa, dada. Kwa mwandiko wake mwenyewe."

"Basi ukiichonga hiyo kwenye kibao atafufuka aje kukugombeza."

Hakuwa akitania sana. Marehemu baba yake alikuwa msajili wa vizazi na vifo wa kata ile kwa miaka thelathini na saba, na kama kulikuwa na kitu alichokichukia kuliko kalamu inayovuja, ni tarehe moja Januari. Aliiita tarehe ya wavivu. Katika ofisi nyingine, mtu mzima aliyekuja kutafuta cheti bila kujua siku aliyozaliwa aliandikiwa tarehe moja Januari, akagongewa muhuri, akaambiwa awapishe wengine. Yeye hakuwa na haraka hiyo. Alimkalisha mtu kwenye benchi akaanza kumchimba: mvua zilikuwa zimeanza au bado? Mahindi yalikuwa yamefika wapi, magotini au kiunoni? Nani mwingine alikuwa ananyonyesha hapo jirani? Majibu yakiwa hayatoshi, alikitia kitabu chake kwenye mfuko wa turubai, akapanda baiskeli, akaenda kuulizia vilima vitatu mbele. Akirudi na tarehe, anaiandika, na pembeni yake kwa herufi ndogo anaandika shahidi: nani kasema, kitabu gani kinathibitisha, ukurasa wa ngapi. Tarehe isiyo na shahidi, alikuwa akisema, ni umbea tu. Ndiyo maana watu wakamwita Bwana Tarehe, na wengi walimzika mwaka jana bila kujua kwamba alikuwa na jina lingine.

Sasa iweje mtu kama huyo ajiandikie yeye mwenyewe tarehe ya wavivu?

"Usichonge kitu," Dereva alimwambia Msajili. "Nipe siku chache."

Mchana huo alipopita nyumbani kunawa grisi, alimkuta mama yake uani akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, baba alizaliwa lini?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Mwaka naujua. Nauliza siku."

"Siku sijui. Sikuwepo." Mama alitupa kijiwe pembeni. "Kamuulize shangazi yako."

"Shangazi ni mdogo wake baba. Mdogo atajuaje siku aliyozaliwa mkubwa wake?"

Mama aliuinamia ungo kana kwamba maharage yote yameingia wadudu ghafla. "Wewe nenda kamuulize tu. Na uende na subira, usiende na huo mdomo wako."

Kwa shangazi ndiko kulikokuwa kituo cha mwisho cha mzunguko wa Dereva. Kila asubuhi alipita vituo tisa vya kukusanyia maziwa, akayapima, akayamimina kwenye madumu makubwa, akatia saini, akaondoka. Ikifika saa nne huwa ameshapanda kilima, huko juu ambako shangazi na mumewe walikuwa na ng'ombe wawili na karakana ya useremala. Shangazi alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Vyeti vyake vilisema ana miaka sabini na minne. Alikuwa amejikunja kidogo kupita wanawake wa umri huo, lakini watu walisema ni kazi za shamba.

"Siku aliyozaliwa kaka?" Shangazi alishangaa, mkono kifuani. "Sasa hapo mimi nitajulia wapi, mwanangu? Nilipokuja duniani nilimkuta yuko, amekaa, ananisubiri."

"Hata bibi hakuwahi kuwasimulia?"

"Bibi yako hakuwa mtu wa hadithi. Hebu niambie, hilo gari lako mbona linatoa moshi kama tanuri la matofali?"

Dereva akaeleza habari za bomba, kisha akauliza tena. Shangazi akakumbuka kwamba kuku hawajapewa maji. Alipouliza mara ya tatu, shangazi akapaliwa na kikohozi ambacho dakika moja kabla hakikuwepo, akaingia ndani nacho.

Mumewe, Seremala, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, randa mkononi, nyusi zimejaa unga wa mbao. Kibao cha picha alikuwa anakitengeneza yeye.

"Jina nimeshachonga," alimwambia Dereva. "Nimeacha nafasi ya tarehe. Mtaniletea mkiwa tayari." Akatupia jicho mlango alioingilia mkewe, akaipuliza randa, akageuka kurudi kazini. Dereva alipanda gari akiwa na hakika kwamba mzee yule alikuwa anacheka.

Basi akaamua kufanya kama baba yake. Aliuliza kila kituo alichosimama. Taabu ni kwamba kila aliyeulizwa tarehe ya Bwana Tarehe alijibu kwa kusimulia tarehe yake mwenyewe.

Kituo cha tatu alikuwepo bibi mmoja mnene, mcheshi, aliyeleta maziwa kwenye birika la bluu. "Wewe hujui baba yako alivyotuokoa mimi na jirani yangu?" aliuliza. Kumbe yeye na jirani yake walikuwa wamekaa miaka arobaini bila kusalimiana. Si kwa ugomvi wa shamba wala wa mume. Kila mmoja alidai ndiye mkubwa, kwa hiyo mwenzake ndiye anayepaswa kuanza na shikamoo. Wakikutana kisimani, kila mmoja anasimama anasubiri kuamkiwa, ndoo zinajaa, zinafurika, wanaondoka kimya. Bwana Tarehe alipokuja kuwaandika, kijiji kizima kilikaa roho juu kusubiri hukumu. Aliuliza wakunga wawili, akauliza wifi wa mmoja na binamu wa mwingine, akazunguka wiki nzima.

"Akaja na kitabu," bibi alisema, "akasema: mmezaliwa siku moja. Mimi nikaruka juu: saa ngapi? Nani alitangulia? Akafunga kitabu, akasema, 'Mama, fomu ya serikali haina nafasi ya saa.'" Bibi alicheka mpaka maziwa yakataka kumwagika. "Tukaangaliana. Yule mwenzangu akasema hujambo. Nami nikamwambia sijambo, wewe hujambo? Tangu siku hiyo hatujanyamaza. Sasa mume wangu ndiye analalamika."

Mwingine alimkumbusha habari za mwalimu mmoja aliyetaka apunguziwe miaka mitatu ili asistaafu, akamfunga mbuzi nje ya ofisi kama asante ya mapema. Bwana Tarehe alitoka, akamwangalia mbuzi, akarudi ndani, akatoka tena na fomu. "Huyu naye amezaliwa lini?" aliuliza. Mwalimu aliondoka na mbuzi wake.

Kituo cha tano palikuwa na mama mmoja mpole, mpima maziwa wa pale, ambaye Dereva alimjua kwa miaka mingi na hawakuwahi kuzungumza zaidi ya habari za lita. Siku hiyo alisubiri wengine waondoke.

"Mimi siijui tarehe ya mzee," alisema. "Lakini nataka ujue kitu. Mtoto wangu wa kwanza alikaa saa moja tu. Watu wote, hata mama yangu mzazi, waliniambia nisimtaje, nisahau, nitapata mwingine. Baba yako alikuwa anapita na baiskeli yake, akasikia, akasimama. Akavua kofia. Akauliza jina. Nikamwambia hatukuwahi kumpa. Akaniambia, 'Mpe sasa, nasubiri.' Nikampa. Akaliandika kwenye kitabu cha waliozaliwa, kisha akafungua kile kitabu kingine akaliandika na huko. Hakuandika kwa haraka. Akanionyesha ili nione kama amelipatia." Mama yule aliifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Kila nikipita pale ofisini najua yumo mle ndani."

Dereva alimshika mkono, akakaa naye kidogo kwenye benchi, na siku ile kituo cha sita kilimsubiri hadi watu wakaanza kupiga simu.

Njiani alikuwa akijifikiria mwenyewe. Alipokuwa mtoto aliona kazi ya baba kama kazi ya kuudhi watu. Mezani, mgeni hajamaliza hata kunawa mikono, baba ameshamuuliza kama mama yake alijifungua kabla ya palizi au baada. Dereva aliona haya, akakimbilia jikoni. Hakujua kwamba wageni wale walirudi kwao wakiwa na kitu ambacho hawakuja nacho.

Siku ya nne bado mikono mitupu. Ndipo bomba la moshi lilipoamua kudondoka kabisa, katikati ya barabara ya sokoni, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Fundi huyu alikuwa mzee wa miaka themanini na mitatu, amekula chumvi nyingi lakini macho bado makali, na ndiye aliyeitunza baiskeli ya Bwana Tarehe tangu ikiwa mpya hadi ilipobaki jina tu. Alimpa Dereva waya, akakaa kwenye kiti chake akimwangalia anavyofunga.

"Nasikia unatafuta siku aliyozaliwa baba yako."

"Natafuta, babu. Nimemuuliza hadi shangazi, na yeye hajui."

"Nani hajui?"

"Shangazi. Mdogo wake."

Fundi aliinama mbele. "Yupi? Huyu aliyeolewa kule kilimani kwa seremala?"

"Huyo huyo. Baba hakuwa na mwingine."

"Mjukuu wangu," Fundi alisema taratibu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuvuka barabara, "mimi na shangazi yako tulikaa dawati moja shuleni. Darasa la kwanza mpaka la nne. Na baba yako alikuwa anakuja amefungwa mgongoni kwake, analia, mwalimu anawatoa nje wote wawili."

Dereva aliacha waya. "Mgongoni kwa nani?"

"Kwa shangazi yako."

"Babu, mdogo anambebaje mkubwa mgongoni?"

"Hilo," Fundi alisema, "nenda kamuulize vizuri."

Hakwenda kuuliza moja kwa moja. Kwanza alipita shuleni. Shule ile ilikuwa kongwe, na mwalimu mkuu, mwanamama aliyependa mambo yake yakae kwa mpangilio, alikuwa na kabati la vitabu vya mahudhurio vya tangu enzi za ubao wa kuegesha. Walipiga chafya pamoja, wakapekua pamoja. Walikipata kitabu cha darasa la pili cha mwaka wa mafuriko, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Mwezi wa nne, Jumanne ya tarehe kumi na nane, mwalimu wa zamani aliandika juu ya ukurasa kwamba daraja la miti limechukuliwa na maji na watoto kumi na saba hawakufika. Chini, katika orodha, mbele ya jina la shangazi, mwalimu huyo huyo aliongeza kwa wino: *Hayupo. Mama yake amejifungua leo mtoto wa kiume.*

Na pembeni, kwa penseli, palikuwa na mwandiko mwingine, mdogo, ulionyooka, ambao Dereva angeutambua hata gizani. *Nimeona.* Kisha saini ya baba yake, na tarehe ya miaka hamsini na miwili iliyopita.

Alijikuta amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamegusa kidevu. Kumbe baba alijua. Aliitafuta, akaipata, akaiwekea alama, kisha akarudi ofisini akajiandikia tarehe ya wavivu. Hesabu nayo ilikuwa inapiga kelele kichwani: mtoto wa darasa la pili ana miaka minane. Ukijumlisha na miaka sabini na mitano tangu mafuriko, shangazi ana miaka themanini na mitatu.

Dereva aliupiga picha ukurasa ule kwa simu. Angeweza kumtumia Msajili pale pale, mambo yakaisha. Kidole kilikuwa tayari. Lakini alifikiri: kama baba alikaa nalo miaka yote hiyo akanyamaza, mimi ni nani nilimwage kwa kubonyeza mara moja? Akairudisha simu mfukoni, akawasha gari.

Shangazi alikuwa uani anaanika nguo. Dereva hakusema kitu, alimpa simu tu. Shangazi aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena, mpaka akaona. Shati bichi alilokuwa nalo mkononi akalitupia begani.

"Nimetafuta bila ubaya, shangazi," Dereva alisema. "Hakuna aliyeona zaidi yangu na mwalimu mkuu. Ukisema nifute, nafuta."

Shangazi aliketi kwenye kigoda, shati moja bichi bado liko begani.

"Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja," alianza. "Unajua watu waliniitaje? Kiporo. Wachumba walikuja kwa majirani, kwangu wanaomba maji ya kunywa wanaendelea na safari. Kisha akaja huyu. Kijana wa miaka ishirini na sita, ana mikono mizuri, anacheka kwa aibu. Akaniuliza una miaka mingapi. Mdomo ukasema ishirini na miwili kabla kichwa hakijaulizwa."

"Na cheti?"

"Nilikwenda kuandikiwa mbali, kwa wale wa tarehe moja Januari. Baba yako asingekubali kuandika uongo, hata kwangu. Ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi, anatafuta siku yake ili awe mfano kwa watu. Siku moja akaja mbio na baiskeli mpya, anapiga kengele tangu kule chini, 'Dada, nimeipata! Jumanne!' Mimi nikaangua kilio. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili niolewe. Akaniambia, nikiandika tarehe yangu lazima niandike na shahidi wake, na shahidi ni ukurasa wenye jina lako darasa la pili. Nikamwambia basi usiandike shahidi. Akasema hilo siwezi. Akazunguka uwanja, kofia mkononi, anaongea peke yake kama mwehu. Mwisho akaja akasema, 'Tarehe moja Januari haina shahidi na hakuna anayeitafutia.' Akajiandikia hiyo. Na tangu siku hiyo mbele za watu akaniita mdogo wangu, nami namwita kaka. Mtoto niliyemfuta kamasi!"

Alicheka, kisha akajifuta macho kwa lile shati bichi.

"Miaka yote hii nimelala na mtu ambaye nikimwambia ukweli sijui ataniangaliaje."

"Atakuangalia hivi hivi," ilisema sauti kutoka karakana.

Wote wawili waligeuka. Seremala alikuwa amesimama mlangoni, patasi mkononi.

"Ulikuwa unasikiliza!"

"Ukuta ni wa mbao, mke wangu, niliujenga mimi. Na hamna jipya nililosikia." Alikuja akakaa juu ya gogo. "Mwezi wa kwanza tu wa ndoa yetu ulinisimulia habari za nzige. Jinsi walivyofunika jua, jinsi ulivyowafukuza kwa sufuria ukiwa mtoto. Ulisimulia vizuri sana. Nikajiambia, lakini nzige wale walikuja mimi sijazaliwa. Huyu binti mdogo kwangu aliwaonea wapi?"

Shangazi alifunika mdomo.

"Miaka hamsini na miwili! Umejua miaka hamsini na miwili na hukusema?"

"Uliniuliza?"

"Nikuulizeje kitu ninachokuficha?"

"Nami ningesemaje, wakati nakuona unavyohangaika kukificha kwa ajili yangu? Nilikuwa naona raha." Seremala alijikuna shingo. "Mimi nilioa mke. Sikuoa cheti." Kisha akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu zote, mikono imekunjwa mbele. "Ila kwa kuwa leo imejulikana: shikamoo, dada."

Kandambili ya kwanza ilimkosa, ya pili ikampata begani. Dereva alicheka mpaka akashika mbavu, ng'ombe wakageuka kuangalia kuna nini.

Kicheko kilipopungua, shangazi alikuwa ameinamia mikono yake. "Bure," alisema. "Nimemnyima mdogo wangu siku yake, bure kabisa."

"Hukumnyima," Seremala alisema. "Alikupa mwenyewe. Na kila alipokuja hapa ukimwita kaka, uso wake unaukumbuka? Alikuwa anakaribia kupasuka kwa kicheko." Akainua patasi. "Haya. Nafasi ipo. Nichonge nini?"

Dereva alimgeukia shangazi. Lilikuwa jibu la mtu mwingine.

"Kumi na nane," shangazi alisema. "Mwezi wa nne. Na ungekuwa na nafasi ungeandika Jumanne."

Ijumaa ile chumba cha usajili kilinuka rangi mpya na kilijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Kulikuwa na kabati la chuma, meza mbili, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na picha ya Bwana Tarehe ukutani, kofia kichwani, anamtazama mpiga picha kana kwamba anataka kumuuliza amezaliwa lini. Mama alikaa mstari wa mbele na gauni lake la kijani. Msajili alisoma wasifu, kisha akasema amekuta kitu ndani ya faili la marehemu na ameomba ruhusa ya familia kukisoma. Ilikuwa barua ya onyo.

"'Kwako Msajili wa kata,'" alisoma. "'Yahusu: kuchelewa kusajili kizazi. Nyumbani kwako amezaliwa mtoto wa kike tarehe sita. Leo ni siku ya ishirini na tano na hujamwandika, ingawa mtoto huyo mnalala chumba kimoja na sauti yake inasikika hadi barabarani. Sababu uliyotoa, kwamba ulikuwa vilimani ukisajili watoto wa wengine, haikubaliki. Jirekebishe. Ni mimi, Msajili wa kata.'" Aligeuza karatasi. "Na nyuma kuna jibu: 'Barua nimeipokea. Nimejirekebisha. Samahani sana. Ni mimi, Msajili wa kata.'"

Chumba kililipuka. Watu walimgeukia Dereva, wakamnyooshea vidole, na yeye akajificha nyuma ya bega la mama yake akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama alikuwa ameketi wima, macho mbele. "Nilimwambia siku ya pili," alinong'ona. "Akasema kesho."

Vicheko vilipotulia, shangazi alisimama bila kuitwa. Hakuwa kwenye ratiba. Alisema anataka kutoa maelezo kuhusu kibao, na akayatoa yote: daraja, darasa la pili, uchumba, kilio, baiskeli. Hakubakiza kitu. Alipofika kwenye umri wake alivuta pumzi akautamka, themanini na mitatu, kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo wa kuni.

"Mimi nilishasema!" Fundi baiskeli alipaza sauti kutoka mlangoni. "Tulikaa dawati moja!"

"Wewe nyamaza, ulikuwa unaniibia penseli," shangazi alimjibu, na shughuli ikawa imekwisha hapo, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kusikiliza hotuba.

Lakini hawakutawanyika. Mzee mmoja aliisogelea meza ya Msajili, akauliza kwa sauti ya chini kama yeye naye, ambaye ni wa tarehe moja Januari, anaweza kutafutiwa siku yake. Nyuma yake akaja mwingine. Mwanamke mmoja akasema ana kaka watatu na wote wamezaliwa tarehe hiyo hiyo, mama yao alikuwa mtu wa ajabu gani? Msajili aliitazama kompyuta yake, akaitazama foleni, akaiacha kompyuta na kitambaa chake. Alivuta droo, akatoa daftari jipya, akamwomba mzee wa kwanza akae kwenye benchi na asiwe na haraka.

Dereva aliwarudisha shangazi na Seremala kilimani kwa gari la maziwa. Kiti cha mbele kilikuwa cha mtu mmoja, na Seremala, kama kawaida yake, alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani.

"Shuka," shangazi alisema. "Wadogo wanakaa nyuma."

Alishuka bila ubishi, akajipenyeza kati ya madumu matupu, akaanza kuyapiga kwa viganja na kuimba wimbo wa harusi aliokuwa ameusahau nusu. Gari lilipanda taratibu. Shangazi alikaa ameshika mkoba mapajani, anaangalia mashamba, midomo inahesabu kitu.

"Themanini na mitatu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, shangazi."

"Kumbe ndiyo maana haya magoti." Alinyoosha miguu yote miwili, akaegemea kiti, akatoa pumzi ndefu ya raha. "Na mimi miaka yote najisemea, mbona nachoka mapema hivi, kijana kama mimi."